Akiki ya Fumba

Mwanangu Seif,

Nakusalimu kwanza, maana salamu ni haki yako hata nikiwa nimekukasirikia. Na nimekukasirikia, sikufichi. Tangu baada ya sala ya alasiri nimejifungia chumbani. Chini wanawake wanakaanga visheti vya safari yako, wananiita, nami nawaitikia naam, nakuja, na siendi. Karatasi hii nataka uisome leo kabla hujalala. Ukiisoma ukiwa melini itakuwa haina kazi tena.

Habari za nguo nzito na baridi ya Ulaya, na nyama ipi ule na ipi uiache, shangazi zako wameshakujaza masikio. Mkono wangu wa kuandika si mzuri, kwa hiyo nauweka kwa jambo moja tu.

Jana mlikuwa barazani, wewe na baba yako na wageni wake, nami nilikuwa ghorofani, juu yenu, nakunja kanzu zako. Baba yako alikuuliza kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi wake: "Wakikupeleka kwenye ile nyumba yao ya vitu vya kale, wakakuonesha pete, utasemaje?" Ukamjibu bila kukwama: "Ntasema hii pete ya babu yetu mkubwa, katoka nayo Manga, Arabuni, na tumerithiana mpaka ikamfika baba yangu." Mgeni mmoja akakutania, "Na mama yako je, hana lake katika pete hiyo?" Nikaacha kukunja. Ukasema, "Mama hahusiki." Wakacheka, na wewe ulicheka.

Nimezaa, nimefiwa, nimeugua homa ya kutojua usiku na mchana, lakini kitu kilichonipata pale nikiwa na kanzu yako mkononi sikuwahi kukionja. Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yako imeshafika Ulaya, na kesho wewe unaifuata.

Najua kwa nini unasomeshwa maneno hayo. Yule Mzungu aliyeichukua pete ndiye aliyekuombea kazi ya kuwafundisha wenzake Kiswahili. Sasa anataka kuipiga chapa habari ya pete kitabuni, na kabla hajaipiga anataka kuisikia kwa kinywa cha mtu wa nyumba hii. Mtu huyo ni wewe. Ukishasema, basi, limekwisha, na hakuna atakayeuliza tena. Ndiyo maana nakwambia leo pete ilikotoka.

Pete ni yangu, na jiwe lake nililiokota mwenyewe.

Nilikuwa msichana mdogo, nimefuatana na mama yangu pwani ya Fumba kuokota chaza, maji yamekupwa. Masika yalikuwa yamekwisha na ukingo wa pwani umemeguka, pale karibu na kuta za msikiti wa kale ambao hata wazee wetu hawamjui aliyeujenga. Ukingo ukimeguka pale hutoka vigae. Vingine ni vya vyungu kama vyetu, vingine vina rangi ya kijani na buluu na vinang'aa mpaka leo, na hutoka shanga pia. Kila mtoto wa Fumba amechezea shanga hizo. Siku ile mimi niliona kitu chekundu kwenye tope nikadhani ni kokwa ya tende. Nikakitia mdomoni kukiosha, maana kanga yangu ilikuwa imelowa matope. Ulimi ndio ulioniambia kwamba kina michoro, tena pande zote mbili.

Upande mmoja ulikuwa na maandishi ya Kiarabu ya namna ya zamani, yamekaa pembepembe wala hayana nukta. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani aliyageuza huku na huku asubuhi nzima mpaka akayasoma: Al-mulku lillah, ufalme ni wa Mwenyezi Mungu. Upande wa pili alikuwapo ng'ombe mwenye nundu, amepiga magoti, na ubavuni mwake vijiandishi ambavyo mwalimu alisema si Kiarabu na wala hataki kuvijua.

"Hichi kitu cha makafiri," alimwambia babu yako, yaani baba yangu.

"Na upande huu mwengine?"

"Huu wa Waislamu."

"Basi kafiri na Muislamu wanakaa jiwe moja, mwalimu, wala hawagombani?"

Mwalimu akaona anachezewa. Akamwambia aende mjini akaulize masonara, asimsumbue na watoto wanamsubiri.

Babu yako alikuwa na ukaidi wa kupenda kujua, nao nimeurithi. Tukaja mjini, yeye na mimi, mpaka kwa sonara mmoja Baniani. Yule sonara alilitazama jiwe akatabasamu kama aliyekutana na jamaa. "Jiwe hili akiki ya kwetu Bara Hindi, ya Khambhat," alisema. "Wanaichimba, kisha wanaichoma mpaka inawiva hivi." Alipomwona ng'ombe alimgusa kwa ncha ya kidole, kisha akajigusa paji la uso, maana kwao ng'ombe anaheshimiwa. Lakini yale maandishi alisema si ya watu wake. Akamwita jirani yake Mparsi, fundi wa saa, naye akaja na kioo chake cha jicho. Mparsi aliinama juu ya jiwe kwa muda mrefu. Alipoinua uso macho yalikuwa yamelengalenga. Alisema maandishi hayo ni ya wazee wake wa Ajemi, kabla Uislamu haujafika huko, zama watu walipokuwa wakiuheshimu moto kama yeye anavyouheshimu. Kusoma hakujua, ila alizitambua herufi chache alizooneshwa na babu yake utotoni.

"Limetoka wapi?" akauliza.

"Fumba," alisema babu yako.

"Fumba kuna nini?"

"Kuna chaza."

Wakacheka wote watatu, nami nikacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Kisha wakaanza kulijadili jiwe. Sonara alisema limechimbwa kwao, Mparsi akasema limechongwa kwao, na babu yako akasema limesilimu njiani. Nadhani alisema kwa mzaha, lakini wenzake hawakulichukua kwa mzaha. Walikubaliana kwamba mtu fulani, mjukuu wa waliouabudu moto au mnunuzi tu, aliingia katika Uislamu na pete yake hakutaka kuitupa, akaligeuza jiwe na kuandikisha jina la Mola mgongoni mwa ng'ombe. Kisha yeye, au mtu aliyeuziana naye, akafika Fumba kutafuta boriti au pembe au ambari, na huko likabaki. "Au alikuwa mtu wa huko huko," alisema babu yako, "yeye ndiye alokwenda akarudi nalo." Hilo la mwisho alilipenda kuliko yote, na njia nzima ya kurudi alikuwa akilirudia.

Nyumbani nilikuwa nikilibonyeza kwenye donge la unga mama akikanda. Vile vijiandishi vya ng'ombe vilipigwa jiweni kinyume, kwenye unga vinatoka sawa. Ya Kiarabu jiweni yapo sawa, kwenye unga yanatoka kinyume. Nikafahamu mwenyewe, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba mwenye jiwe wa kwanza alikuwa akipigia muhuri mizigo yake, na wa pili alitaka kuyasoma tu na kupata baraka. Nilikuwa na raha sana na ujuzi wangu huo. Mama alinipiga kofi kwa kuchezea mkate.

Babu yako alilirudisha kwa sonara likatiwa pete ya fedha, ng'ombe akalazwa chini na fedha ikamfunika, maana babu alisema hawezi kusujudu na ng'ombe kidoleni. Siku ya harusi yangu aliivua akanivisha mimi.

Sasa baba yako. Sitaki udhani kwamba niliolewa na mtu mbaya. Ndugu zake waliniita mtu wa shamba mbele yangu na nyuma yangu, yeye hakuniita hivyo hata mara moja. Alikuwa akicheka nami na akinisikiliza, na katika siku zile za mwanzo nilimweleza yote unayoyasoma hapa: chaza, mwalimu, sonara, Mparsi na machozi yake. Nilimwambia habari ya ng'ombe aliye chini ya fedha, alivyopiga magoti, nundu yake ilivyo. Hakuna mtu mwingine katika mji huu niliyemwambia. Alinishika mkono akaibusu pete, akasema, "Basi mimi na wewe tu tunaomjua huyu ng'ombe." Nilimpenda, Seif. Nilimpenda kwa moyo wote na sikujua kwamba moyo mtu huuwekea akiba.

Wewe ulikuwa umeanza chuo siku aliyoniambia, "Mize, nipe pete nikampe sonara, naona fedha yake imelegea." Kidole kilikuwa kimenenepa. Niliitoa kwa mafuta ya nazi, kwa taabu, na nikamwomba aiharakishe kwa sababu sikuzoea mkono mtupu.

Siku ya pili yake alikuja yule Mzungu. Alisema Kiswahili safi, ila pole pole kama anayesoma kitabuni. Nilipeleka kahawa na halua kwa mkono wa mtumishi, nami nikasimama nyuma ya pazia kama kawaida yangu, nisikie kama kuna kilichopungua. Nikamsikia anasema, "Pete nzuri sana hii, Bwana. Umeipata wapi?"

"Ya babu yangu mkubwa. Katoka nayo Manga."

Mzungu akacheka kidogo. "Kila pete ninayoletewa hapa Unguja ni ya babu, na kila babu katoka Manga."

Nilidhani baba yako atababaika. Nilitamani ababaike, nami bado nikijidanganya kwamba ni mzaha wa barazani. Akasema kwa sauti ya utulivu: "Basi mwite sonara aifungue fedha hiyo mbele yako. Chini yake kuna ng'ombe mwenye nundu, kapiga magoti, na maandishi ya Ajemi ya zama za waabudu moto. Sisi wenyewe ndio tunaojua. Kama hayupo, niite mwongo mjini kote."

Sonara akaletwa, si yule wa zamani, na fedha ikafunguliwa. Ng'ombe yupo. Mzungu alisimama akampa baba yako mkono kwa mikono yake miwili, akasema sasa ameamini, maana ni mwenye kitu tu anayejua kilichofichwa ndani yake.

Neno hilo la Mzungu lilikuwa kweli, na ndilo lililoniua. Siri niliyompa mume wangu kwa mapenzi ndiyo aliyoitumia kuthibitisha kwamba pete si yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku tukidhani tunawasema wengine.

Mkono wangu ulikuwa juu ya pazia, wa kulivuta tu. Ningesema, Bwana, pete hiyo imetoka kidoleni mwangu jana, tazama alama. Sikulivuta. Tumelelewa kumsitiri mume hata akikosea, na aibu ya mume ni ya nyumba nzima. Nikamsitiri. Niliipeleka hata kahawa ya mara ya pili.

Mzungu alipoondoka na pete nilimwuliza baba yako sababu. Hakukana, wala hakupandisha sauti. "Mize, ningelisema limeokotwa topeni na mtoto wa Fumba, nani angelitazama? Fumba kuna nini?"

Nilitaka kumjibu, kuna mimi. Nikaenda kukusanya vikombe vya kahawa.

Hujui aliloniibia, au labda wewe unadhani ni fedha kidogo na kijiwe. Jiwe lile lilikuwa shahidi. Lilishuhudia kwamba kwenye ukingo ule, ambao leo mnauona wa wavuvi na wachuma mboga, aliishi mtu aliyekuwa na mambo yake na Khambhat na Ajemi, akasali kama tunavyosali, akapoteza pete akaitafuta bila kuiona. Sasa limewekwa kwenye nyumba ya Ulaya, limeandikiwa ukoo wa baba yako, na halina la kusema juu yetu. Wazungu wakija kutafuta habari za kale hawaendi Fumba, wanakuja kunywa kahawa kwenye baraza hii. Ukimwondoa shahidi mahali alipoona, ushahidi wake umekwisha, hata ukimvisha dhahabu.

Na wewe pia, siwezi kukuhukumu nikajiacha mimi. Ulirudi kutoka chuoni siku moja unalia, watoto wamekwita mwana wa mwanamke wa shamba. Nilikufuta kamasi nikakwambia, "Waambie wewe mtoto wa mjini, usiwasemeshe habari za Fumba." Nilidhani nakukinga. Nikapunguza kukupeleka, kisha nikaacha. Jana uliposema mama hahusiki nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya yako. Lakini wewe sasa una ndevu, na mtu mwenye ndevu hukagua aliyofundishwa.

Usidhani nakuambia ujifungie moyo. Watu waliosalitiwa hupenda kutoa wasia huo na mimi siuamini. Ningekuwa bibi harusi tena ningemsimulia tena baba yako habari ya ng'ombe, kwa sababu siwezi kumpenda mtu nikamwachia mlango nusu. Kosa langu halikuwa kusema. Kosa langu lilikuwa kunyamaza pale nyuma ya pazia, na kila mwaka niliongeza ukimya juu ya ukimya mpaka uongo ukawa na mtoto wa kuubeba. Baba yako sijamwacha. Nampikia, namchagulia mnofu wa samaki usio na miiba, na siku nyingine nikimchagulia natamani umkwame mwiba mmoja, mdogo, usiomdhuru. Cheka ukitaka. Mimi mwenyewe nacheka, kisha nafunga mlango nalia.

Sikuombi uende ukamfedheheshe baba yako mbele ya Wazungu. Utakalosema huko ni la ulimi wako, na siwezi kukufuata kuusikiliza. Nina jambo la hapa.

Leo mchana kaka yangu Makame amefika kutoka Fumba kukuaga. Hujamwona tangu ulipokuwa mtoto wa chuo, na kosa hilo nimeshakueleza ni la nani. Amekuja kwa miguu, ana pweza mkavu aliyekaushiwa safari yako, na kanzu iliyofuliwa mpaka imekonda. Shangazi zako wamemkalisha chini ukumbini pamoja na wachukuzi. Ulipoingia na wenzako alisimama akunyooshee mkono. Ulimwambia, "Nipandishie sanduku hili, lakini angalia kona." Akalipandisha. Alipofika mlangoni kwangu alikuwa anatweta, akasema, "Kijana kakua, Mize, mashaallah. Hanijui." Akacheka. Alipoteremka alishika ukuta, kwa kuwa goti lake moja ni bovu.

Sijui kama hukumtambua kweli, au ulimtambua. Sikuulizi, na usinijibu.

Kesho wachukuzi watatangulia na mizigo, na baba yako atakuwa nje na wageni wake wote, na mtu aliyetumwa na yule Mzungu kukupeleka. Mimi kila safari ya nyumba hii nimeagana na watu nikiwa juu dirishani. Kesho nitashuka. Nitajifunika nisimame mlangoni, na kaka yangu atakuwa ubavuni mwangu, si pamoja na wachukuzi. Ukitoka utatukuta. Huyo ni mjomba wako Makame, na kwa desturi yetu, ya mjini na ya shamba, mdogo ndiye anayeanza kusalimia.

Mama yako,
Mize binti Haji wa Fumba